Breki za Katikati

Gathoni aliliita lile gari mke mwenzake, na ingawa majirani wa Matisi, pale Kitale, walicheka kila aliposema hivyo, yeye hakuwa akitania sana. Mke mwenza huwa na siku zake, na gari la Wachira lilikuwa na Jumamosi. Likianza kulalamika, na malalamiko lilikuwa nayo tele, Wachira aliamka mapema, akavaa ovaroli iliyopigwa pasi kana kwamba anakwenda kanisani, akalipeleka Kanduyi, kule Bungoma, kwa fundi wake Barasa. Alirudi jioni akinuka grisi, ameshakunywa chai ya watu, ameshamaliza vicheko vyake vyote huko. Nyumbani alileta uchovu tu na nguo za kufua.

Lilikuwa gari la Kifaransa, la rangi nyeupe iliyokwisha kuwa maziwa ya jana, na mgongo wake uliinama nyuma kama wa bata. Babake Wachira alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago, miaka ile walowezi wa mwisho wa Trans-Nzoia walikuwa wakiuza mpaka vijiko. Mzee alipofariki, Muigai, mdogo wake Wachira, alichukua trekta, Wachira akachukua gari. Ukoo mzima ulimwona mjinga. Yeye alilala usingizi mnono usiku huo, na asubuhi akaamka kulipangusa.

Sasa, uzuri wa gari lile na ugonjwa wake vilitoka mahali pamoja. Magari mengine yote ambayo Gathoni aliyajua, ukifungua gurudumu unakutana na breki. Hili, ukifungua gurudumu la mbele, hukuti kitu. Wafaransa, kwa sababu wanazozijua wenyewe, walizitoa breki za mbele magurudumuni wakazipeleka katikati, chini ya boneti, zikabanana na giaboksi, moja kulia na moja kushoto. Hapo ndipo diski zilipokamatwa, na shafti ndiyo iliyopeleka habari kwa gurudumu kwamba bwana mkubwa ameamua kusimama.

Walipooana, Wachira alimweleza mambo hayo kwa moto wote wa mapenzi.

"Sikia, Gathoni. Breki ni chuma, na chuma ni kizito. Ukiweka hicho chuma kwa gurudumu, likiingia shimo linagonga kama nyundo. Ukikitoa ukiweke kwa bodi, gurudumu linabaki jepesi. Linafuata barabara tu pole pole. Tena matope ya Saboti hayafiki kwa breki hata siku moja."

"Na ubaya wake?" aliuliza, maana siku hizo alikuwa bibi arusi na kila kitu alikiuliza.

"Ubaya uko. Ziko karibu na injini, zinashika joto. Shafti ikikatika, hilo gurudumu halina breki tena. Na kuzifikia, bana! Kubadilisha pedi unalala chini siku nzima, mikono inaungua, unafungua vitu ambavyo havikukosea. Ndio mafundi wote wa Kitale wanaikimbia. Ni Barasa tu."

Aliendelea kuyasema hayo miaka nenda miaka rudi, mezani, njiani, hata kwenye matanga ya watu. Gathoni akajifunza kuitikia bila kusikia. Alitikisa kichwa, akasema "eeh" panapostahili, huku akipanga moyoni mboga za kesho. Mwanamke yeyote aliyekaa na mwanamume mwenye jambo moja analijua hilo.

Lakini uzuri wa zile breki aliujua kwa mwili wake, ingawa hakuwahi kuukiri. Uchungu wa kumzaa Tabby ulimshika wakiwa bado wanaishi Saboti, msimu wa mvua, barabara imeumuka mashimo. Alikuwa ameona wanawake wakibebwa kwa pikapu na kujifungulia njiani kwa kurushwarushwa. Yeye alilala kiti cha nyuma, na gari likapita juu ya yale mashimo kwa upole, likipanda na kushuka bila kishindo, mpaka hospitalini Kitale. Mtoto alitoka salama. Hakulishukuru gari, kwa sababu mtu hamshukuru mke mwenzake.

Mwaka wa 2004 Barasa alikuwa akimwoza bintiye Ivy, na Wachira akaahidi kwamba bibi arusi atapanda gari lile na si jingine. Ilikuwa ndiyo shukrani yake kwa miaka yote ya mikono kuungua. Jumamosi moja kabla ya arusi, Barasa alilifanyia gari kila kitu: alibadilisha pedi, akafunga sili mpya za giaboksi, ili mafuta yasije yakavuja yakagusa diski. Wachira alirudi amefurahi kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Ijumaa, siku moja kabla ya arusi, Wachira alikwenda Saboti kwa Muigai kutazama mahindi. Gathoni alibaki peke yake, akatoka nje kuanika nguo, akalitazama lile gari limesimama uani. Juu lilikuwa safi. Chini ya tumbo lilikuwa na matope makavu ya msimu mzima, yamening'inia kama makoko. Akafikiria watu wa Bungoma wakimwona bibi arusi akishuka kutoka kwenye gari lenye tumbo la nguruwe. Akafikiria pia, bila kutaka, kiti cha nyuma na ile safari ya hospitali. Tabby alikuwa ameolewa Nakuru. Nyumba ilibaki na watu wawili na gari moja, na mmoja kati ya hao watatu alikuwa amenuna kwa zaidi ya miaka ishirini. Moyo ukamlainika. Akaona kununa kumetosha.

Akamwita Kibiwott, aliyekuwa na kazi ya kuosha magari kule mtoni.

Kazi ya Kibiwott kila mtu aliijua. Aliliosha gari juu na chini, halafu akachukua bomba la kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, akalijaza oili chafu iliyomwagwa na mafundi, akaichanganya na dizeli kidogo iwe nyepesi, akalipiga gari chini lote mpaka likang'aa jeusi. Oili ile ilizuia matope kushika na kutu kula bodi. Matrekta yalipigwa, malori yalipigwa, hata gari la padri lilipigwa. Hakuna aliyewahi kudhurika, kwa kuwa breki za magari hayo zilijificha mbali, nyuma ya magurudumu.

"Mathe, hii mzee nayo niipige oili?" Kibiwott aliuliza, akiwa amepiga magoti.

"Piga," Gathoni alisema. "Si inaenda arusi? Piga yote, mpaka kwa injini huko."

"Itang'aa mbaya, mathe. Watadhani imetoka dukani."

Akapiga. Gathoni alisimama kando na shuka zake mkononi, anatazama lile bomba likitoa moshi mweusi wa mafuta, anajisikia mtu mwema. Kisha akapangusa viti mwenyewe, akafunga utepe mweupe kwenye boneti.

Wachira aliporudi jioni, manyunyu yalikuwa yameanza. Alisimama getini, ameshika kofia.

"Nani amefanya hivi?"

"Ni mimi. Leo nimemwogesha mke mwenzangu."

Wachira alicheka mpaka akashika ubavu. Akamwangalia mkewe kwa namna ambayo hakuwa amemwangalia muda mrefu, akamshika bega, wakaingia ndani. Hakuinama kutazama chini. Kwa nini ainame? Naye Gathoni hakutaja oili, si kwa kuficha, ila ni kama vile mtu asivyotaja sabuni aliyofulia shati.

Asubuhi kulikuwa na baridi. Wachira aliondoka kwa suti yake ya kijivu, mapema, ili akamchukue bibi arusi. Gathoni angefuata baadaye na kina mama wa kanisa. Gari lilisimama vizuri getini. Lilisimama vizuri pale barabara kuu. Oili ya chini ilikuwa imeganda kwa baridi, imekaa kimya mahali ilipopigwa. Lakini injini ikapata moto, na kila kilicho karibu nayo kikapata moto, na ile oili ikaanza kulainika na kudondoka tone baada ya tone, juu ya zile diski zilizokuwa hapo hapo katikati, mlangoni pa joto. Wachira alisikia harufu ya kuungua, akadhani ni ya lori lililomtangulia.

Kwenye mteremko wa Kamukuywa, unaoshukia darajani, alikanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu mguuni kama kawaida, ila gari halikusikia; breki ndogo za nyuma hazikutosha kulizuia peke yake. Akakanyaga tena kwa miguu yote miwili. Akavuta breki ya mkono, na katika gari lile breki ya mkono hukamata diski zile zile. Mbele yake trekta lilikuwa limesimama na tela la miwa, na juu ya miwa walikaa watu. Akapinda usukani, akaingia mtaroni, gari likabiringika.

Watu wa juu ya miwa hawakupata hata mkwaruzo. Wachira alivunjika uti wa mgongo, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakusikia kitu tena.

Barasa alifika hospitalini siku ile ile, na ua la arusi bado liko kwenye koti. Aliwaacha wageni kanisani na Ivy akimlilia. Siku chache baadaye alikwenda kutazama mabaki ya gari kwenye uwanja wa polisi, akarudi, akasimama miguuni pa kitanda. Gathoni alikuwa akimnywesha mumewe uji.

"Ni siri ya giaboksi," Barasa alisema. Ulimi wake wa Kibukusu mara nyingi ulibadilisha l na r, na siku hiyo hata Wachira hakumtania. "Sili niliyofunga. Irivuja, mafuta yakaingia kwa diski. Ni kazi yangu, Wachira. Ni mimi."

Wachira aligeuza uso kutoka kwa uji. Kijiko cha uji kilikuwa bado hewani mkononi mwa Gathoni.

"Toka," akasema. "Toka, Barasa. Nisikuone tena."

Barasa alitoka. Muigai, aliyekuwa mlangoni, alimfuata mpaka nje akimtukana, na akaapa mbele ya wauguzi kwamba atamfunga.

Walipomrudisha Wachira Matisi, maisha yakawa ni kugeuzwa. Muuguzi alimwonya Gathoni: mtu wa hali hii akilala upande mmoja atatoboka vidonda, na vidonda ndivyo vitakavyomuua. Akamfundisha. Unaingiza mkono chini ya bega, mwingine chini ya nyonga, unavuta kwa shuka, unaweka mto katikati ya magoti. Wachira alikuwa mtu mkubwa, lakini mikono yake ilikuwa mizima, na kila alipogeuzwa alimkumbatia Gathoni shingoni akajivuta naye. Hivyo wakaweza. Ilifika mahali wakafanya mzaha nayo. "Cheza muziki," Wachira alisema, "si tunacheza dansi."

Jambo moja tu halikuwa na mzaha, nalo ni Barasa. Jina lake likitajwa, uso wa Wachira ulibadilika ukawa wa mtu mwingine. Muigai alikuwa amezungumza na askari. Jumatatu angekuja naye nyumbani, Wachira atoe maelezo kitandani, na Barasa akamatwe. Tena fundi amekwisha kukiri kwa mdomo wake mbele ya mashahidi. Kesi gani nyepesi kuliko hiyo?

Alhamisi ya wiki hiyo kina mama wa kanisa walikuja kumwombea. Waliketi chumbani kuzunguka kitanda, na Agneta, jirani yao, mtu wa kuuliza maswali, akauliza kwani breki za gari zinafishwa na nini. Wachira akapata alichokipenda. Akaanza mwanzo: chuma, uzito, gurudumu jepesi, matope ya Saboti. Gathoni alikuwa akimimina chai na kuitikia "eeh" kwa mazoea.

"Zile breki adui yao ni mmoja tu, Mama Agneta," Wachira alisema. "Mafuta. Unaona watu hapa wakipiga magari oili chafu chini? Mzee wangu alikataa. Mimi nikakataa. Gari lingine ukilipiga hakuna neno, breki iko mbali. Lile breki ziko pale pale oili inaingia. Ni kama kupaka diski siagi. Miaka yote nimekataza oili isiguse lile gari, mwenyewe nimemwambia mke wangu mara ngapi, si ndio Gathoni? Halafu rafiki yangu mwenyewe ananifungia sili mbovu."

Chai ilijaa kikombe, ikajaa kisahani, ikamwagikia Agneta magotini. Agneta akaruka akipiga kelele. Gathoni alisimama na birika mkononi, anaitazama ile chai, na wote wakadhani ni uchovu. "Masikini, halali huyu," wakasema, wakamnyang'anya birika, wakamkalisha.

Mara ngapi? Hakujua. Labda mara kumi, labda mara mia. Alikumbuka sauti yake, alikumbuka mikono yake ikicheza juu ya meza, alikumbuka hata mboga alizokuwa akizipanga kichwani. Maneno yenyewe hakuyakumbuka, kwa kuwa hayakuwahi kuingia. Akatoka nje, akasimama pale pale uani gari lilipokuwa likisimama. Doa la oili lilikuwa bado liko kwenye changarawe.

Jumamosi alimwomba Agneta akae na mgonjwa, akasema anafuata dawa mjini. Akaenda Kanduyi.

Hakuwahi kuiona gereji ya Barasa kwa miaka yote hiyo. Aliijenga kichwani kama mahali pa raha, na akakuta kibanda cha mabati karibu na uwanja wa Masinde Muliro, na benchi moja, na sahani ya enameli iliyojaa nati. Hapakuwa na gari hata moja. Habari za fundi aliyemlemaza rafiki yake zilikuwa zimeshafika kila kona. Wilkista, mke wa Barasa, alimwona akaingia ndani bila salamu, kisha akaona haya, akarudi na chai.

Barasa aliinuka kwenye benchi. Alikuwa amepungua.

"Mama Tabby. Karibu. Mgonjwa anaendereaje?"

Gathoni alingoja Wilkista aondoke. Hakuketi.

"Baba Ivy, si sili yako. Ni mimi. Ile Ijumaa nilimwita Kibiwott, nikamwambia alipige gari oili chini. Mpaka kwa injini. Mimi ndiye nilimwambia."

Alitazamia Barasa apige kelele, au alie, au amshike koo. Barasa aliketi tena pole pole, akapangusa mikono kwa kitambaa ingawa haikuwa na kitu.

"Nirijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Mafuta ya giaboksi yana rangi ya asari, Mama Tabby, na yananuka kama kiberiti. Nirirara chini ya hiyo gali pale porisi, nikapitisha kidole kwa diski, nikanusa. Ilikuwa oili chafu ya injini. Nyeusi. Tena ilikuwa mpaka kwa mbavu za bodi, imepigwa na bomba. Sili zangu zilikuwa kavu."

Gathoni alitafuta benchi kwa mkono, akaketi.

"Ulijua, na ukasimama pale hospitali ukasema ni wewe?"

"Wachira hawezi kupaka hiyo gali oili. Hata akiwa mlevi. Basi ni mtu wa nyumbani, na nyumbani kuna wewe peke yako. Na nirijua hukufanya kwa ubaya."

"Kwa nini, Baba Ivy? Arusi ya mtoto wako iliharibika. Kazi imekufa. Muigai anakuja na askari Jumatatu!"

"Wacha waje." Barasa aliangalia mikono yake. "Daktari alinieleza pale nje. Alisema huyu mtu atahitaji mtu wa kumgeuza, mchana na usiku, maisha yake yote. Sasa fikilia. Mimi akinichukia, ananichukia akiwa Kitale, na mimi niko hapa Bungoma. Nakura, nalara. Lakini wewe akikuchukia, ni nani atamgeuza?"

Gathoni alilia. Alilia kwa sauti, bila kujali Wilkista anasikia, akaishika ile mikono yenye makovu ya kuungua, mikono ambayo alikuwa ameionea wivu tangu ujana wake, akailaza usoni mwake. Barasa naye alilia, kimya, akiangalia barabara.

"Enda nyumbani," alimwambia baadaye. "Jioni inafika. Unatakiwa huko."

Alirudi. Njia nzima alijiambia kwamba atanyamaza, kwamba Barasa ameshachagua na si kazi yake kumpangulia. Angemwomba Muigai awe na huruma. Angesema fundi amezeeka, waache mambo ya polisi. Hata alipanga maneno. Lakini alijua Muigai hana huruma hiyo, na alijua kwamba Jumatatu angesimama chumbani na kuona askari akiandika jina la Barasa, yeye akiwa ameshika birika.

Agneta aliondoka. Mvua ilikuwa inaanza juu ya mabati, na chumba kilikuwa na giza lile la jioni ambalo taa bado haijahitajika. Ilikuwa saa ya kumgeuza mgonjwa. Gathoni aliinama, akaingiza mkono chini ya bega, na Wachira akamkumbatia shingoni kama kawaida. Halafu akatulia, pua yake ikiwa kwenye nywele zake.

"Unanuka grisi," akasema.

Gathoni alikamata shuka ili avute.

"Ni harufu ya Kanduyi hii. Ninaijua. Ulienda kwa huyo mtu?"

"Nilienda."

"Kufanya nini? Kumwombea msamaha? Gathoni, wewe ndiye mtu pekee ambaye hajaniharibia kitu. Usinifanyie hivyo."

Alikuwa bado amemkumbatia. Gathoni alisikia mapigo ya moyo wake juu ya bega lake. Angeweza kumgeuza, aweke mto, awashe jiko. Akapiga moyo konde, akasema yote hapo hapo, akiwa ameinama, mdomo karibu na sikio la mumewe: Ijumaa, Kibiwott, bomba la ng'ombe, piga yote mpaka kwa injini. Alisema kwamba sili zilikuwa kavu. Alisema kwamba Barasa alinusa akajua. Alisema alitaka tu gari lipendeze, na kwamba lile gari lilimbeba vizuri siku ya Tabby na hakuwahi kulisema.

Mikono ya Wachira ililegea shingoni mwake, ikaanguka juu ya blanketi.

Mvua ilizidi. Gathoni aliketi pembeni ya kitanda, naye Wachira akitazama mabati.

"Barasa alijua?" hatimaye aliuliza.

"Alijua."

"Tangu hospitali?"

"Tangu hospitali."

Wachira alifumba macho. Machozi yalitoka pembeni, yakaingia masikioni, na Gathoni hakuthubutu kuyafuta.

"Mpigie Muigai simu," akasema. "Mwambie Jumatatu asije na mtu."

"Nitampigia."

"Na sasa nigeuze."

"Upande gani?"

"Ukutani."

Gathoni aliinama tena. Akaingiza mkono mmoja chini ya bega na mwingine chini ya nyonga, akangoja ile mikono imzunguke shingo. Haikuinuka. Ililala pale pale juu ya blanketi, mizima, imekataa. Basi akavuta peke yake. Alivuta kwa shuka, akapumzika, akavuta tena, magoti yamegandamiza ubao wa kitanda, mpaka uso wa Wachira ukaelekea ukuta. Akaweka mto katikati ya magoti yake, akamfunika. Kisha akaketi kwenye kiti upande huu, nyuma ya mgongo wake, akingoja saa ya kumgeuza tena.